Sperilaiti: Madini Adimu Yenye Platinamu

Utangulizi

Platinamu ni metali ambayo wengi huijua kwa jina kuliko kwa sura. Mwanafunzi wa kemia katika shule ya sekondari amekwisha kusoma kwamba waya wa platinamu hutumika kuchunguzia rangi za ndimi za moto, na kwamba wavu wa platinamu na rodiamu ndio unaoharakisha ugeuzaji wa amonia hata ikapatikana asidi ya nitriki, ambayo nayo ni chanzo cha mbolea. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiulizwa platinamu yenyewe hutolewa katika jiwe gani, aghalabu hunyamaza. Chuma anajua hutoka katika hematiti, shaba hutoka katika kalkopairaiti, na bati hutoka katika kasiteriti. Platinamu je?

Jibu la swali hilo si jepesi, kwa sababu platinamu ni haba mno. Katika ganda la dunia, tani nzima ya mawe ya kawaida huwa na miligramu chache tu za metali hii, au pungufu ya hapo. Hata hivyo ziko sehemu chache ambako maumbile yameikusanya, na katika sehemu hizo platinamu hukaa kwa namna mbili. Kwanza, hukaa ikiwa metali asilia, aghalabu imechanganyika na chuma au na ndugu zake watano, yaani paladiamu, rodiamu, ruteniamu, osmiamu na iridiamu. Pili, hukaa ikiwa imeungana kikemia na elementi nyingine kama vile salfa, aseniki, teluriamu na bismuthi. Makala haya yanakusudia kueleza madini mamoja ya namna hii ya pili, yaitwayo sperilaiti. Tutaona yalivyogunduliwa, yalivyojengeka, jinsi ya kuyatambua, namna yalivyofanyika ardhini, na nchi yanakopatikana. Tutaona pia kwamba hesabu za kidato cha tatu na cha nne zatosha kabisa kuyafahamu mambo makubwa ya madini haya.

Jinsi yalivyogunduliwa

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba platinamu haiungani na elementi zisizo metali katika maumbile. Tangu Mhispania Antonio de Ulloa alipochapisha habari za platinamu ya Amerika ya Kusini mwaka 1748, platinamu yote iliyojulikana ilikuwa metali asilia, iliyookotwa katika michanga ya mito ikiwa punje na vibonge. Kwa kuwa metali hii haishiki kutu wala haiyeyuki katika asidi moja moja, ilionekana ni jambo la kawaida tu kwamba imebaki peke yake.

Mwaka 1888 fikira hiyo ilibadilika. Francis Louis Sperry alikuwa mkemia wa kampuni ya shaba katika eneo la Sudbury, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Katika mgodi wa Vermilion, magharibi ya Sudbury, palipatikana mchanga mzito uliong'aa, wenye rangi nyeupe ya bati. Sperry alimpelekea sampuli Horace L. Wells, mkemia wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani. Wells aliupima mchanga huo, akathibitisha kwamba ni madini mapya, na mwaka 1889 akayatangaza kwa jina la mkemia aliyeyaleta. Mwenzake, Samuel L. Penfield, alichunguza maumbo ya fuwele zake. Haya ndiyo yaliyokuwa madini ya kwanza kujulikana ambamo platinamu imeungana kikemia na elementi nyingine badala ya kukaa ikiwa metali au aloi.

Msomaji atapenda kujua kwamba mwaka huo huo wa 1889 ndio uliothibitishwa mhimili wa kilogramu, uliotengenezwa kwa aloi ya platinamu na iridiamu, ukahifadhiwa karibu na Paris. Mhimili huo uliendelea kuwa kipimo rasmi cha kilogramu ulimwenguni hadi tarehe 20 Mei 2019, kilogramu ilipoanza kufafanuliwa kwa kanuni ya fizikia badala ya kipande cha metali.

Kanuni yake ya kikemia

Hebu tufuate njia aliyopita Wells, maana ni somo zuri la jinsi kanuni ya kampaundi inavyopatikana. Katika uchambuzi wake, kila sehemu 100 za mchanga ule zilikuwa na platinamu 52.57, rodiamu 0.72, aseniki 40.98 na antimoni 0.50. Palikuwa na chuma kidogo sana, na sehemu 4.62 zilikuwa oksidi ya bati, yaani kasiteriti, madini yale yale yachimbwayo Kyerwa katika Mkoa wa Kagera. Kasiteriti haikuwa sehemu ya madini mapya. Zilikuwa punje ngeni zilizochanganyika nayo mchangani, kwa hiyo tunaziacha kando.

Sasa tunagawanya kila kiasi kwa uzito wa atomi wa elementi yake:

Platinamu: 52.57 ÷ 195.1 = 0.2695
Rodiamu: 0.72 ÷ 102.9 = 0.0070
Aseniki: 40.98 ÷ 74.92 = 0.5470
Antimoni: 0.50 ÷ 121.8 = 0.0041

Tukichukua platinamu na aseniki peke yake, uwiano ni 0.2695 kwa 0.5470, yaani 1 kwa 2.03. Huu tayari uko karibu na 1 kwa 2. Lakini yafaa tujiulize: rodiamu na antimoni zimekaa wapi? Rodiamu ni ndugu ya platinamu, na antimoni imo katika kundi moja na aseniki kwenye jedwali la elementi. Atomi zinazofanana kwa ukubwa na tabia zaweza kushika nafasi za wenzao ndani ya fuwele bila kuubomoa mpango wake. Basi tukijumlisha rodiamu pamoja na platinamu tunapata 0.2765, na tukijumlisha antimoni pamoja na aseniki tunapata 0.5511. Uwiano sasa ni 1 kwa 1.99. Hesabu imekaa vizuri zaidi, na kanuni ya madini haya ni PtAs2, yaani atomi moja ya platinamu kwa atomi mbili za aseniki.

Kwa kanuni hiyo, sperilaiti iliyo safi ina platinamu asilimia 56.6 na aseniki asilimia 43.4. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya jiwe hili ni platinamu, na karibu yote yaliyobaki ni elementi ambayo oksidi yake ni sumu kali. Jambo hili tutalirudia.

Umbo la ndani

Mionzi ya eksirei ilipoanza kutumiwa kuchunguza fuwele katika karne ya ishirini, ilionekana kwamba sperilaiti imejengeka sawasawa na pairaiti, yale madini ya chuma na salfa yang'aayo kama dhahabu na kuwadanganya watu wengi. Mwanafunzi aliyewahi kuona kielelezo cha fuwele ya chumvi ya kupikia ataelewa upesi. Mahali pa kila atomi ya sodiamu weka platinamu, na mahali pa kila klorini weka jozi ya atomi mbili za aseniki zilizoshikana. Kila platinamu huwa imezungukwa na aseniki sita.

Mpango huu ni wa mchemraba, na ndiyo maana fuwele za sperilaiti huonekana kama vimchemraba au maumbo ya nyuso nane, aghalabu pembe zake zikiwa zimeviringika. Kila kimchemraba kidogo kabisa cha mpango huo kina upande wa sentimita 5.97 × 10⁻⁸, na ndani yake mna PtAs2 nne. Kwa tarakimu hizi twaweza kukadiria densiti ya madini haya bila kuyagusa. Tungamo la PtAs2 nne ni 4 × 344.9 ÷ (6.022 × 10²³), yaani gramu 2.291 × 10⁻²¹. Ujazo wa kimchemraba ni sentimita za ujazo 2.128 × 10⁻²². Tukigawanya, tunapata densiti ya takriban gramu 10.8 kwa sentimita moja ya ujazo. Punje asilia hupimwa zikawa na densiti ya karibu 10.6, maana nadra kupatikana punje isiyo na ufa wala uchafu wowote ndani yake.

Kulinganisha, densiti ya jiwe la kawaida kama kwatzi ni 2.65, ya pairaiti ni 5.0, ya galena (madini ya risasi) ni 7.6, na ya platinamu safi ni 21.45.

Tabia za kuyatambua

Mtu hawezi kuyatambua madini kwa mng'ao peke yake. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na baadhi yao hupoteza fedha zao. Si ajabu mtu kuuziwa kipande cha jiwe jeupe lenye kung'aa kwa jina la platinamu, kumbe ni galena au aseno-pairaiti. Mwanasayansi hupima tabia kadhaa kwa pamoja, na tabia za sperilaiti ni hizi:

1. Rangi ni nyeupe kama bati, na mng'ao ni wa metali, wenye nguvu.

2. Ikisuguliwa juu ya kigae kisicholainishwa, huacha unga mweusi. Platinamu asilia huacha alama ya kijivu-cheupe yenye kung'aa.

3. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, kwa hiyo hukwaruza kioo. Platinamu asilia ina ugumu wa 4 hadi 4.5, na galena ina 2.5 tu.

4. Ni kikavu na huvunjika. Ikigongwa kwa nyundo husagika, ilhali platinamu asilia hubonyea na kutandazika.

5. Densiti yake, kama tulivyoona, ni karibu 10.6.

6. Maji ya kifalme, yaani mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na asidi ya nitriki uyeyushao dhahabu, huidhuru kidogo tu.

Aseno-pairaiti, ambayo mara nyingi hufuatana na dhahabu, ndiyo inayofanana nayo zaidi kwa sura. Nayo ni nyeupe, ngumu na huacha unga mweusi. Tofauti yao kubwa ni densiti, kwani ya aseno-pairaiti ni karibu 6.1 tu. Mizani nzuri, uzi na bilauri ya maji vyatosha kuzitenganisha, kwa kanuni ya Archimedes: pima sampuli hewani, ipime ikiwa imening'inia majini, kisha gawanya uzito wa hewani kwa upungufu uliotokea.

Wells alieleza jaribio jingine. Punje ya sperilaiti ikiangushwa juu ya bamba la platinamu lililochomwa hata likawa jekundu, huyeyuka papo hapo, hutoa moshi mweupe, na huacha platinamu yenye vitundu ikiwa imeshikamana na bamba. Moshi huo ni oksidi ya aseniki. Walimu wanaombwa kulisoma jaribio hili tu, wasilifanye. Oksidi ya aseniki ni sumu kali, na moshi wenyewe hauna harufu ya kutosha kumwonya mtu. Vivyo hivyo, jiwe lolote linaloshukiwa kuwa na aseniki lisichomwe darasani, nyumbani, wala machimboni.

Kwa nini punje nzito huelea?

Wells aliona jambo la ajabu. Mchanga wa sperilaiti, ingawa ni mzito mara kumi kuliko maji, ulikuwa na tabia ya kuelea. Je, kanuni ya Archimedes imevunjwa? La, hasha. Sababu ni kwamba maji hayaulowi uso wa sperilaiti kwa urahisi. Punje ndogo ikitua taratibu juu ya maji, uso wa maji hujikaza chini yake kama ngozi ya ngoma, ukaibeba. Wembe mkavu ukilazwa kwa uangalifu juu ya maji hubebwa vivyo hivyo, ingawa ni wa chuma. Punje ikisukumwa hata ikazama, haiibuki tena.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtafutaji wa madini. Mchimbaji anayesafisha mchanga kwa karai hutegemea kwamba kilicho kizito kitabaki chini na kilicho chepesi kitachukuliwa na maji. Lakini punje ndogo kavu za sperilaiti zaweza kupanda juu na kumwagwa pamoja na takataka, huku mwenyewe akiona ameosha vizuri. Dawa yake ni kuulowesha mchanga wote kwanza na kuukoroga chini ya maji, au kutia sabuni kidogo sana ili kuupunguza mkazo wa uso wa maji.

Tabia hiyo hiyo hutumiwa kwa faida katika viwanda. Mawe yaliyosagwa hutiwa katika matangi ya maji yenye dawa maalumu, kisha hupulizwa hewa. Punje za salfaidi na madini mengine yasiyopenda maji hushikamana na mapovu, yakapanda nayo juu, na mchanga usio na thamani hubaki chini.

Yalivyofanyika ardhini

Platinamu nyingi ya dunia imo chini kabisa, katika kiini cha chuma, ambako hakuna awezaye kufika. Kiasi kidogo kimo katika tabaka lililo chini ya ganda la dunia. Tabaka hilo likiyeyuka kwa kiasi kikubwa, magma yenye chuma na magnesiamu nyingi hupanda juu ikiwa imebeba platinamu kidogo sana, iliyotawanyika kila mahali. Swali ni hili: nini huikusanya?

Jibu ni salfa. Magma ikipata salfa zaidi ya ile iwezayo kuiyeyusha, salfa hiyo hujitenga pamoja na chuma, nikeli na shaba, ikawa matone ya kiowevu kingine kisichochanganyika na magma. Tazama mchuzi wenye mafuta unavyopoa: mafuta hujikusanya katika matone, wala hayarudi tena kuchanganyika na maji. Tofauti ni kwamba matone ya salfaidi ni mazito, hivyo huzama badala ya kupanda. Platinamu, kwa upande wake, huyapenda matone haya kuliko magma kwa maelfu mengi ya mara. Kila tone linapopita ndani ya magma hufagia platinamu iliyo karibu, na mwishowe matone hukusanyika chini au katika tabaka jembamba.

Matone yakianza kuganda, salfaidi ya chuma na nikeli hutangulia, nayo haina nafasi ya platinamu ndani yake. Platinamu husukumwa katika kiowevu kinachobaki, pamoja na shaba, aseniki, bismuthi na teluriamu. Huko mwishoni, wageni hawa waliokosa mahali hukutana. Palipo na aseniki ya kutosha, sperilaiti hufanyika. Aseniki ikiwa haba na salfa ikiwa nyingi, hufanyika madini mengine, kama kuperaiti na bragaiti, ambayo ni salfaidi za platinamu. Bragaiti, iliyoelezwa mwaka 1932, ndiyo iliyokuwa madini ya kwanza kugunduliwa kwa msaada wa eksirei, nayo ilipewa jina la W. H. Bragg na mwanawe W. L. Bragg, waanzilishi wa elimu hiyo.

Yanakopatikana

Sudbury, Kanada. Mawe yenye nikeli na shaba ya Sudbury yalitambuliwa mwaka 1883 wakati wa kujenga reli. Asili yake ni ya pekee. Miaka milioni 1,850 hivi iliyopita kimondo kikubwa kilianguka hapo, kikaliyeyusha ganda la dunia, na matone ya salfaidi yakazama chini ya ziwa hilo la mawe yaliyoyeyuka. Robert Dietz alitoa fikira ya kimondo mwaka 1964, na ushahidi uliofuata umeithibitisha.

Afrika ya Kusini. Hapa ndipo penye hazina kuu ya platinamu duniani. Miamba ya Bushveld, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,000, imetanda katika eneo la kilomita za mraba 65,000 hivi, yaani kama mara tano ya Mkoa wa Kilimanjaro. Mwaka 1924 mkulima Andries Lombaard alipata punje nzito nyeupe alipokuwa akiosha mchanga wa kijito, akampelekea mwanajiolojia Hans Merensky. Merensky alifuata dalili hizo hata akalipata tabaka la mwamba ambalo hadi leo lina jina lake. Kwa kawaida tabaka hilo halizidi mita moja kwa unene, lakini limefuatwa kwa makumi mengi ya kilomita. Upande wa kaskazini, karibu na mji wa Mokopane ambao zamani uliitwa Potgietersrus, magma ilikutana na mawe ya chokaa na mashapo ya kale. Huko, mahali paitwapo Tweefontein, zimepatikana fuwele nzuri za sperilaiti ambazo makumbusho mengi hujivunia. Leo Afrika ya Kusini hutoa karibu asilimia 70 ya platinamu mpya inayochimbwa ulimwenguni.

Zimbabwe. Mwamba uitwao Great Dyke, mrefu wa kilomita 550 na mwembamba kama utepe, umeikata nchi hiyo kutoka kaskazini hadi kusini. Sperilaiti ni miongoni mwa madini yake ya platinamu. Kwa kuwa haiozi upesi juani na mvuani kama salfaidi nyingine, punje zake hupatikana hata katika michanga ya vijito vinavyotoka katika mwamba huo.

Urusi. Katika migodi ya Norilsk na Talnakh, kaskazini ya Siberia, zimepatikana fuwele kubwa za sentimita kadhaa. Miamba yake ilitokana na magma ya miaka milioni 250 hivi iliyopita, ambayo ilichukua salfa kutoka katika mashapo iliyopita ndani yake.

Na kwetu Afrika ya Mashariki? Mstari wa miamba ya namna hii huanzia Musongati nchini Burundi na kupita Kabanga, wilayani Ngara. Hazina za nikeli za huko zilitambuliwa katika upelelezi uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa miaka ya 1970. Thamani kubwa ya Kabanga ni nikeli, shaba na kobalti, wala si platinamu. Lakini elimu ni ile ile: magma yenye magnesiamu nyingi, salfa iliyotoka katika mashapo ya pembeni, na matone yaliyojikusanya. Mwanafunzi aelewaye Bushveld ameielewa pia nusu ya habari ya Kabanga.

Faida na gharama

Msomaji asidhani kwamba mchimbaji huziona fuwele hizi kwa macho. Katika migodi mingi punje za sperilaiti ni ndogo kuliko ncha ya sindano, na huonekana kwa hadubini tu. Tani nzima ya mwamba wa Bushveld kwa kawaida hutoa gramu 3 hadi 7 za metali zote za kundi la platinamu. Mwamba husagwa, madini huelezwa kwa povu, huyeyushwa katika tanuri, kisha metali hutenganishwa kwa kemia ndefu. Aseniki inayotoka katika kazi hiyo lazima inaswe na kuhifadhiwa, vinginevyo itaingia katika hewa na maji ya watu.

Metali inayopatikana hufanya kazi kubwa. Husafisha moshi wa magari, huharakisha utengenezaji wa asidi ya nitriki, na hutumika katika seli zinazotoa umeme kwa hidrojeni. Dawa iitwayo sisiplatini, iliyotokana na uchunguzi wa Barnett Rosenberg uliochapishwa mwaka 1965, imeponya wagonjwa wengi wa saratani. Hata aseniki, sumu ile, imekuwa dawa: oksidi yake iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 kutibu aina moja ya saratani ya damu, kwa kipimo kidogo na chini ya uangalizi wa daktari.

Lakini gramu hizo zina gharama ya binadamu pia. Tarehe 16 Agosti 2012, huko Marikana katika ukanda wa platinamu wa Afrika ya Kusini, polisi waliwaua kwa risasi wachimbaji 34 waliokuwa katika mgomo wa kudai mishahara bora. Anayefundisha habari za madini hana budi kukumbuka kwamba baina ya jiwe na maabara yupo mtu aliye chini ya ardhi.

Hitimisho

Sperilaiti inatufunza kwamba kitu adimu hakitambuliwi kwa bahati. Sperry alikuwa mkemia aliyezoea kuona mchanga, akaona huu haufanani na mwingine. Lombaard alikuwa mkulima aliyeosha kijito na kushangaa kwa nini punje hizi ni nzito. Wote wawili walifanya jambo moja la maana, nalo ni kumpelekea sampuli mtu awezaye kuipima. Shule yenye mizani, kigae, kipande cha kioo na bilauri ya maji yaweza kuanza kazi hiyo leo kwa mawe ya kijijini. Sampuli isiyoeleweka na ipelekwe kwa wataalamu wa jiolojia, mathalani katika taasisi ya jiolojia iliyoko Dodoma, kabla haijauzwa wala kutupwa.

Maswali ya kujipima

1. Kilogramu 10 za sperilaiti safi zina platinamu kiasi gani?

2. Punje ya sperilaiti ni mchemraba wenye upande wa milimita 0.1. Tafuta tungamo lake. Punje ngapi za namna hiyo zitatoa gramu 1 ya platinamu?

3. Sampuli nyeupe yenye mng'ao ina uzito wa gramu 42 hewani na gramu 35 majini. Je, yaweza kuwa sperilaiti?

4. Mwamba una gramu 4 za metali za platinamu kwa tani, na kiwanda hupata asilimia 80 ya kiasi hicho. Tani ngapi zitahitajika kupata gramu 31.1?

5. Eleza kwa nini kutia sabuni katika maji huzamisha punje ya sperilaiti iliyokuwa ikielea.

Majibu: (1) Kilogramu 5.66. (2) Miligramu 0.0106, punje 167,000 hivi. (3) La, densiti yake ni 6.0, yaelekea ni aseno-pairaiti, kwa hiyo isichomwe. (4) Tani 9.7 hivi. (5) Sabuni hupunguza mkazo wa uso wa maji na kuyafanya yalowe punje. Uso huo hauwezi tena kuibeba.